Gesi au mkaa: kwanza tutazame kilichomo sufuriani

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa. Mitaani Tanga watu wamegawanyika. Wapo wanaoona kila jiko la mkaa litupwe leo. Wengine wanajibu kwamba gesi inamaliza hela, inalipuka, na wali wake hauliki.

Pande zote mbili zinalinganisha jiko na jiko. Naona inayopaswa kulinganishwa ni mapishi: chai ya asubuhi, maharage ya nazi na wali wa kupalia (unaowekewa makaa juu ya mfuniko) ni kazi tatu tofauti kwa moto, na hakuna jiko moja linaloshinda zote.

Kwenye afya, upande wa gesi una hoja nzito zaidi. Serikali imekuwa ikitaja vifo vya watu wapatao 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na hewa chafu ya majikoni. Watetezi wa mkaa husema moshi ni wa kuni, mkaa hauna moshi. Jibu hilo linaua watu. Mkaa ulioshika vizuri hauonekani kutoa kitu, kumbe unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Nyumba nyingi za Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, zina ukumbi katikati, vyumba vya wapangaji pande mbili na ua nyuma. Masika yakianza, majiko yaliyokuwa uani yanahamia ukumbini, milango inafungwa kuzuia mvua, na jiko lenye makaa yaliyobaki linaachwa ndani usiku likaushe nguo za mtoto. Dirisha moja lililofunguliwa nusu halitoshi hapo. Hewa lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea, na jiko lenye makaa lisilale chumba kimoja na mtu, hata kama yanaonekana yamezimika.

Moshi unaoonekana huwa mwingi dakika 15 hadi 20 za mwanzo, wakati wa kuwasha. Wengi huwashia mfuko wa plastiki au mafuta ya taa. Moshi wa plastiki una sumu, na harufu ya mafuta ya taa inaingia mpaka kwenye chakula. Kifuu kimoja kikavu kilichovunjwa vipande, pamoja na nyuzi za makumbi makavu, kinatosha kuwasha jiko dogo. Washa nje, uliingize chini ya paa likiwa makaa mekundu matupu. Mkaa uliolowa hurusha cheche na kufuka, kwa hiyo msimu wa mvua ukae kwenye debe lenye mfuniko, juu ya matofali.

Gesi nayo inataka dirisha. Mwali wake hutoa naitrojeni dayoksaidi, inayowasumbua wenye pumu chumba cha kupikia kikiwa kimefungwa. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiona wa njano unaopaka sufuria masizi, matundu ya hewa yameziba kwa mafuta, maji ya wali au kutu, na kutu kwa upepo huu wa chumvi haikawii. Lifunge, lipoe, usugue kwa brashi kavu.

Kuhusu misitu, hesabu ni fupi. Tanuri la udongo la kienyeji hutumia kilo 6 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Serikali hutaja upotevu wa hekta 469,420 za misitu kwa mwaka nchini. Watetezi wa mkaa wana haki wanaposema mashamba nayo yanakata miti sana, na kwamba gesi ya mtungi inaagizwa kutoka nje kwa dola (gesi asilia ya Songo Songo ni kitu kingine, haijazwi kwenye mitungi hii). Hata hivyo jiji la Tanga linakunywa maji ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, na mto huo unatoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Mlima ukibaki wazi, udongo unashuka bwawani. Kwetu habari ya misitu ni habari ya bomba la nyumbani.

Sasa gharama, maana ndiyo inayoamua. Kilo ya gesi ina joto la takribani megajuli 46, na jiko la gesi hufikisha karibu nusu yake kwenye chakula. Kilo ya mkaa mkavu ina kama megajuli 29. Jiko la bati hufikisha sehemu moja kwa tano tu, lililoboreshwa la udongo karibu asilimia 30. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 2.6 hivi kwenye jiko bora. Tuseme kujaza mtungi wa kilo 6 ni shilingi 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Basi kwa mwenye jiko la bati mkaa unakuwa ghali kuliko gesi ukivuka shilingi 1,000 kwa kilo, na kwa mwenye jiko bora ukivuka karibu 1,500. Mkaa hauuzwi kwa kilo, unauzwa kwa kopo na debe, na hapo ndipo watu hupotea. Peleka kopo moja kwenye mizani ya duka mara moja tu, upate kilo zake, kisha gawanya.

Hesabu hiyo haimgusi anayelipwa kwa siku. Kopo la mkaa analipata kwa hela ya leo, mtungi unataka fedha yote kwa mkupuo. Ndiyo sababu mitungi mingi ya ruzuku imejaa vumbi chini ya vitanda: kuipata ilikuwa rahisi kuliko kuijaza. Anayesema watu hawa hawataki kubadilika hajawahi kukaa na bajeti ya siku moja. Kwao faida ya haraka iko kwenye jiko bora la udongo, na kwenye kuzima makaa yaliyobaki: yatie kwenye debe, funika pasiingie hewa, yatawaka tena kesho.

Ukija kwenye mapishi yenyewe, chai haina ubishi. Lita 2 za maji huchemka kwa gramu 30 hivi za gesi, shilingi 120 kwa bei ile ya mfano, wakati mkaa unataka robo saa kushika tu na utaendelea kuungua chai ikiwa imeshanywewa.

Maharage ndiyo yanayokula mtungi. Nusu kilo yasiyolowekwa yanaweza kuchemka saa tatu na kumaliza gramu 300 za gesi, yaani shilingi 1,200. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda karibu nusu. Ila kinachoshinda wote hapa ni presha kuka ya umeme: maharage hayo hutumia karibu nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shirika la umeme, inayofika kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, sufuria hiyo ni chini ya shilingi 200. Kwa aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo, la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ni kama shilingi 60, ila kundi hilo lina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Anayetumia 40 anaweza kuongeza sufuria moja kila siku, uniti 15, akabaki salama. Akihamishia mapishi yote kwenye umeme atavuka. Kwa hiyo maharage, makande na nyama ngumu ziende kwenye umeme, nazi itiwe mwishoni presha ikishatolewa, kwa sababu tui ndani ya presha hukatika.

Wali ndio unaobeba ubishi wa ladha, na hapa watetezi wa mkaa wako sahihi kuliko wanavyopewa haki. Wali wa nazi wa kupalia unapata moto wa juu. Tui likishanywea, makaa ya chini hupunguzwa hadi vipande vitatu vinne, mengine hupangwa juu ya mfuniko kwa dakika 15 hadi 20. Mvuke haugeuki matone kwenye mfuniko wa moto, punje za juu zinakauka na kuachana, mafuta ya nazi yanabaki yakimeremeta. Gesi inatoa moto wa chini peke yake, tena wa duara dogo katikati. Sufuria ikiwa nyembamba, katikati panashika ukoko na kuungua wakati juu bado ni bokoboko.

Dawa ipo. Tui likishuka usawa wa mchele, weka chuma cha chapati juu ya mwali mdogo kabisa na sufuria juu yake, joto lisambae. Tandika kitambaa safi chini ya mfuniko kinywe mvuke, pembe zake zikunjwe juu mbali na moto. Dakika 20, zima, iache 10 bila kufunua. Anayetaka wali wa kupalia hasa achukue vifuu vya nazi mbili za jana vilivyokauka, avichome uani mpaka mwali uishe, kama dakika 10, ayaweke makaa yake juu ya mfuniko. Yanadumu robo saa, na wali hauhitaji zaidi. Mkate wa kumimina na samaki wa kupaka bado vinataka makaa, na sioni ubaya wowote vikipikwa uani.

Kulipuka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo matundu ya juu ya dari hayaitoi. Mtungi ukae palipo na mlango wa kwenda uani, usilale chumbani. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, funga, mara nyingi ni ule mpira mdogo wa duara uliochakaa. Ukisikia harufu usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima: funga koki, fungua milango, toka nje. Kwa jiko linalofungwa juu ya mtungi, sufuria kubwa ya lita 10 inaweza kupindua vyote, na ajali nyingine huanzia hapo. Tazama pia duara la chini la mtungi, maana sakafu yenye unyevu hulila kwa kutu. Weka juu ya ubao. Dukani dai mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, ongeza 6, ndio unaopaswa kuusoma.

Mkaa mbadala wa vifuu unafaa Tanga kuliko miji mingi, lakini mwingi unaouzwa haukauki. Kwa kilo 10 za vumbi la mkaa, unga wa muhogo wa nusu kilo hadi kilo moja uliopikwa uji unatosha kugandisha, kisha jua siku tatu hadi tano. Udongo ukizidi, majivu yanakuwa mengi na moto mdogo. Vunja kipande katikati kabla ya kununua: kikiwa na unyevu ndani, kitafuka.

Kinachobaki kigumu ni mpangaji mwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pamoja, ambako wenye nyumba wengi hawataki kusikia jiko la umeme. Huko uniti hazibaki ndani ya 75, basi tuhesabu kwa 356. Maharage mara tatu kwa wiki ni uniti 6 na nusu hivi kwa mwezi, kama shilingi 2,300. Kiasi hicho kinaandikika kwenye daftari na kulipwa juu ya mchango wa kawaida, mwenye nyumba akionyeshwa namba iliyobandikwa chini ya chombo: wati 1,000, sawa na pasi ya nguo anayoiruhusu.