Siku Niliyoona Ada

Nina ndevu. Naanza na hilo kwa sababu bila ndevu kisa hiki kinapungua uzito.

Nilikwenda Istanbul kusoma, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza lugha tu. Mswahili akikutana na Kituruki hulewa kidogo, maana kila akigeuka anapishana na jamaa yake. Kitabu ni "kitap", saa ni "saat", dunia ni "dünya", habari ni "haber". Wote wajukuu wa Kiarabu. Nikajiona kama niliyealikwa harusi ya ukoo, nusu ya waliokaa jamvini nawajua kwa majina.

Ikafika siku ya kulipia kozi. Nikasogea dirishani, nikauliza kwa kujiamini: "Adet ne kadar?" Kwa hesabu zangu nimeuliza ada ni kiasi gani. Dada wa dirishani akanitazama, akanijibu kwa swali: "Neyin adedi?" Adedi ya nini? Kumbe nimeuliza bei ya kimoja kimoja, kama mtu aliyekuja kununua misumari. Wenzetu wana "adet" mbili zinazofanana mno: moja ni ya kuhesabia, ndugu yake idadi yetu, nyingine ni desturi, na hiyo a yake ya mwanzo huivuta. Ada ya kulipa wala haimo humo. Wanaiita "ücret", ambayo ukiikuna kidogo unakuta ujira. Kwa hiyo siku ile nilitoa ujira ili nifundishwe, na darasani nikakaa kama tajiri aliyeajiri mwalimu.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaanza utafiti.

Chumbani nilikaa na Mminangkabau, mtu wa kabila la Sumatra Magharibi huko Indonesia. Nilipomtajia ada, aliacha kula. Kwao ni "adat", na si jambo la mchezo: ndiyo inayoamua kwamba nyumba na mashamba ya ukoo yanapita upande wa mama, na mjomba ana kauli gani. Akanisomea msemo wao, "adat basandi syarak, syarak basandi Kitabullah": ada imeegemea sharia, sharia imeegemea Kitabu cha Mungu. Waholanzi walipowatawala waliishika hiyo adat wakaifanya somo la chuo kikuu. Cornelis van Vollenhoven wa Leiden aliiandikia majuzuu matatu, kuanzia 1918 hadi 1933. Chumba cha pili kulikuwa na kijana wa Lahore, Pakistani. Kwake "aadat" ni mazoea ya mtu binafsi, na mfano alionipa ni sigara aliyokuwa anaiwasha, ya tatu tangu tuanze kuzungumza.

Neno lile lile, Sumatra linagawa mashamba, Lahore linatoa moshi, kwetu linadai pesa. Nililala nikilifikiria. Kwa Waarabu asili yake ni kurudi: jambo linalorudi na kurudi ndilo "ʿāda". Nadhani sisi tulipitia harusini. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, vyote ni ada, maana ndivyo ilivyozoeleka kutoa. Na kilichozoeleka kutolewa hakichelewi kuwa lazima, hadi mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Tusijilaumu sana. Waingereza nao neno lao la desturi ndilo hilo hilo la ushuru wa forodha.

Jirani yetu mmoja, Mhausa wa Kano, Nigeria, alikuwa akipita mlangoni na ndoo yake ya nguo huku mjadala unaendelea. Sikumuuliza. Kumbuka hilo.

Ikaja Idi. Rafiki yangu Mturuki akanialika kwao. Viatu tukaviacha mlangoni, tukapewa ndara. Nikambusu babu mkono na kuugusisha kipajini kama nilivyoona wengine wakifanya, nikamiminiwa kolonya, manukato yao ya limau, viganjani, nikaletewa peremende, kisha baklava, kisha chai kwenye vigilasi vyenye kiuno. Sebuleni tulikuwa kama kumi na watano: babu, bibi, baba wa rafiki yangu, shangazi wanne waliokaa sofa moja, na watoto wakihesabu pesa za sikukuu.

Babu akaniuliza taratibu, ili nielewe: unaionaje Uturuki?

Sentensi nilikuwa nayo. Niliishona tangu kwenye basi. Kila siku ni "her gün". Naona ni "görüyorum". Na katikati nikampachika ndugu yangu mpendwa. Nikaweka gilasi chini, nikasema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu:

"Her gün adet görüyorum. Çok güzel."

Kila siku naona desturi. Nzuri sana.

Kikombe cha babu kikasimama katikati ya safari. Shangazi wa kwanza akauma ncha ya mtandio wake. Baba wa rafiki yangu akaanza kuitazama televisheni kwa makini, nayo ilikuwa imezimwa. Rafiki yangu aliinuka akaenda jikoni, na huko nikasikia sauti kama birika linalochemka.

Nikadhani matamshi ndiyo yaliyonitupa. Nikarudia kwa sauti zaidi, mkono kifuani. Kisha, ili babu ajue kwamba mapenzi haya ya desturi nimeyapatia nchini kwake, nikaongeza: "Türkiye'de başladı." Yalianzia Uturuki.

Shangazi wote wanne wakaondoka sofani kwa pamoja.

Rafiki yangu alinieleza jikoni, machozi yakimtoka. Waarabu huiita hedhi "desturi ya kila mwezi". Waturuki wakachukua desturi, mwezi wakauacha, na "adet görmek", kuona ada, ni kuingia mwezini. Ningesema "âdetlerinizi", na viambishi vyake vyote, ningekuwa mgeni anayeona desturi za wenyeji. Nilivyoliacha uchi, nimemwambia mzee wa watu, siku ya Idi, kwamba naingia mwezini kila siku, ni raha sana, na ilinianza nilipofika Uturuki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na dawa mfukoni. Kwani sisi hatusemi binti hajaona siku zake? Kuona ni kuona kule kule. Na jioni, yule wa Kano aliposimuliwa, alikaa chini na ndoo yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kwao damu ya hedhi ni "jinin al'ada". "Ungeniuliza," akasema.

Kule sebuleni lakini ilibidi nirudi, koti langu lilikuwa huko. Nikaaga kwa kutazama zulia. Bibi, ambaye muda wote hakucheka hata kidogo, alinisindikiza hadi mlangoni. Akanimiminia kolonya mara ya pili, akanitilia mfuko wa baklava kwapani, akanipigapiga mgongoni na kunambia "geçmiş olsun", neno ambalo Waturuki humwambia mgonjwa.