Haifai kwa Nini?

Mwezi uliopita, chini ya mkwaju ulio nje ya msikiti wa kijiji chetu upande wa Hindi, huku Lamu, bwana shamba alitundika ramani ya rangi, akaweka kidole juu ya eneo jekundu lililomeza konde la mjomba wangu pamoja na makonde ya majirani zake wote, akatamka neno moja: haifai. Mjomba, ambaye amelima hapo tangu kabla sijazaliwa, aliuliza, "Haifai kwa nini, mwanangu?" Kijana akajibu kwamba udongo ni wa kichanga na haushiki maji. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikuwa la swali lililoulizwa. Mjomba hakutaka sababu. Alitaka kujua haifai kwa zao gani.

Kinachoniudhi ni kwamba mfumo wenyewe wa kuipanga ardhi kwa madaraja, ule uliotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1976, unaijua tofauti hiyo vizuri. Una madaraja S1, S2 na S3, kuanzia ardhi inayofaa sana hadi inayofaa kwa taabu, kisha N1, isiyofaa kwa sasa, na N2, isiyofaa daima. Lakini sharti lake ni kwamba daraja hutolewa kwa matumizi yaliyotajwa, na nyuma yake huandikwa herufi ndogo ya kikwazo, kwa mfano m kwa upungufu wa unyevu. Ramani ile ilifuta vyote viwili. Ilitubidi kumbana kijana wa watu ndipo akakiri kwamba kipimo kilikuwa mahindi.

Mahindi! Katika kichanga cha Lamu, ambako zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka humwagika kati ya Aprili na Juni! Kwa mtindo huo, majahazi nayo yakaguliwe kwa idadi ya magurudumu. Konde hilohilo lina mikorosho, muhogo na simsim, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoulizwa maoni.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kuhusu mahindi bwana shamba hakukosea: mjomba aliwahi kuyapanda konde zima, akavuna magunzi. Na kule Magarini, kaskazini mwa Mto Sabaki, mradi wa makazi uliofadhiliwa na Australia ulikwisha kuonyesha gharama ya kuilazimisha ardhi kavu.

Hata hivyo, mjomba alichota udongo mbele yetu, akautemea mate na kuuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukakatika kabla haujafikia urefu wa kokwa ya tende. Akatembea hatua ishirini hadi ubavuni mwa kichuguu cha zamani, akarudia. Safari hii ukavutika kama uzi. Hapo ndipo mkewe hupanda mchicha na mahindi machache ya kuchoma. Ramani ya udongo ya nchi nzima, ambayo rangi zile zilitokana nayo, ni ya kipimo cha 1:1,000,000, yaani milimita moja ni kilomita nzima. Kichuguu, konde na msikiti vyote vinaenea chini ya nukta moja.

Vilima vya mchanga vya Shella, kisiwani Lamu, navyo visingepata hata S3 kwa zao la chakula, lakini mvua inayopenya ndani yake ndiyo maji ya visima vinavyounywesha mji wa Amu, yaani mji wa Lamu.

Siku nne baadaye alifika dalali mwenye picha ya ramani hiyo katika simu, akitaka apunguziwe bei kwa kuwa wataalamu wamekwisha kusema ardhi haifai. Ni wa tatu tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lizinduliwe Mei 2021. Ardhi isiyofaa ina wateja wengi ajabu. Mjomba alimkaribisha kahawa, akamwuliza swali lilelile: haifai kwa nini? Dalali naye akaanza kumweleza habari za mchanga.