Mtani Msibani: Kicheko na Machozi katika Filamu za Mashujaa

Mwaka 2018, majuma machache baada ya Avengers: Infinity War kutoka, niliitazama katika kibanda cha video mjini Busia, upande wa Uganda, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la mbao pamoja na watazamaji ambao wengi wao walikuwa waendesha boda boda waliomaliza kazi ya siku. Mfasiri alikaa kando ya spika akiwa na kipaza sauti mkononi, akitafsiri papo hapo kwa Kiluganda kilichochanganyika na Kiswahili chetu cha mpakani, na kama ilivyo desturi ya ma-VJ, yaani wafasiri wa filamu vibandani, wa nchi hii, hakuishia kutafsiri bali aliihamishia filamu nzima nyumbani: Thanos, yule adui mkuu, akawa tajiri aliyekuja kuwafukuza watu viwanjani mwao, na ile karakana ya angani ya wafua vyuma ambako shujaa Thor alikuwa akienda kufuliwa silaha mpya ikawa Katwe, mtaa wa mafundi vyuma jijini Kampala. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Kisha ikafika ile sehemu ndani ya chombo kidogo cha angani, ambapo Rocket, yule kiumbe mwenye umbo la rakuni na ulimi mkali, anamsogelea Thor na kumuuliza habari za jamaa zake. Ndugu yako? Amekufa. Dada na baba? Wote wamekufa. Mama je? Aliuawa. Rafiki wa kufa na kuzikana? Alichomwa moyoni. Mazungumzo yamepangwa kama kichekesho, swali fupi na jibu fupi, na kila jibu linazidi ubaya wa lililotangulia hadi mtu anashindwa kujizuia, huku Thor mwenyewe akitabasamu na kujigamba kwamba hasira na kisasi humtia mtu nguvu. Tabasamu lile halidumu. Chozi linamtoka, analifuta, na anauliza amebakiwa na nini tena cha kupoteza. Anapoondoka, Rocket ananong'ona kwamba yeye binafsi anavyo vingi vya kupoteza. Kisha anampa jicho la bandia badala ya lile alilong'olewa na dada yake, na hapo hapo anatia mzaha kuhusu mahali alipolificha alipokuwa akilitorosha. Mfasiri wetu, ambaye hakuwa amepumzika tangu filamu ianze, aliyatafsiri maswali na majibu yale kwa sauti ya chini bila kuongeza neno lake hata moja, na chozi lilipotoka alikiteremsha kipaza sauti hadi kwenye goti akanyamaza pamoja nasi.

Nimelifikiria sana tendo lile kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu kiasi cha vichekesho kinachofaa katika filamu za mashujaa. Wapo wanaosema vimezidi, kwamba tangu Iron Man ya 2008 ipate mafanikio kila stelingi analazimika kuwa mcheshi hata anapovuja damu. Wapo pia wanaosema kwamba hadithi za watu wanaoruka angani wakiwa wamevaa mavazi ya kubana hazistahili kutiwa uzito, basi na tucheke, twende zetu nyumbani. Pande zote mbili zinavihesabu vichekesho kama mpishi anayepima chumvi kwa kijiko. Mimi naona kwamba kiasi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: huyu anayecheka msibani ni nani wa marehemu?

Babu yangu alikuwa mmoja wa wale waliobeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka wa Busia, kazi ile ile iliyolizaa neno boda boda ambalo leo limeenea Afrika Mashariki yote. Siku tulipomzika, mzee mmoja aliyekuwa mwenzake wa baiskeli alisogea hadi ukingoni mwa kaburi, akamwita kwa jina la utani ambalo sisi wajukuu hatukuwahi kulisikia, akaanza kumdai tyubu aliyomkopesha zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Alimwambia ainuke alipe kwanza ndipo azikwe. Alimkumbusha siku aliyomwangusha abiria mnene kwenye tope, kisha akataka alipwe nauli yote. Waombolezaji wakacheka, na bibi yangu, ambaye alikuwa hajanyanyua uso tangu asubuhi, naye akacheka huku kilio kikiwa bado kooni. Kisha mzee yule alivua viatu vyake, akavipanga vizuri pembeni, akachukua chepe na kufukia kaburi hadi mwisho, akikataa kila kijana aliyetaka kumpokea. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwona kuwa amekosa adabu.

Jirani zetu wa Tanzania wameupa uhusiano wa namna hiyo mahali rasmi katika jamii, nao ni utani. Mtani anaruhusiwa kumwigiza marehemu, kumsema, hata kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Ruhusa hiyo ina gharama yake, kwani mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kushika kazi za msiba ambazo mikono ya wafiwa haina nguvu ya kuzifanya. Anacheka, na anabeba jeneza. Sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho cha kumpimia mtunzi wa filamu anayetaka kuchanganya mzaha na simanzi, na ni kipimo tulichonacho tayari katika lugha yetu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Black Panther ya Ryan Coogler, filamu ya 2018 ambayo sisi Waganda tuliipokea kama yetu, kwa kuwa Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala yumo, Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda yumo, na baadhi ya picha za angani za Wakanda, ufalme wa kubuniwa wa filamu hiyo, zilipigwa katika nchi yetu. Mfalme T'Challa ametupwa kutoka kwenye maporomoko ya maji na kila mtu anaamini kwamba amekufa. Mama yake, dada yake na mwanamke anayempenda wanapanda milima yenye theluji kwenda kumwomba msaada M'Baku, kiongozi wa Wajabari, mtu aliyepigana na T'Challa mwanzoni mwa filamu, akashindwa, na akaachiwa uhai wake. Mmarekani waliyefuatana naye anapofungua kinywa, M'Baku anamwambia kwamba akisema neno moja zaidi atawalisha watoto wake nyama yake. Ukumbi mzima unashika pumzi. Kisha M'Baku anacheka na kusema kwamba alikuwa akitania tu, maana wao hawali nyama.

Mzaha huo umetiwa mahali pa hatari kabisa, mbele ya mama anayedhani amefiwa na mwanawe, lakini haumjeruhi mtu. Sababu ni kwamba dakika chache baadaye tunaonyeshwa T'Challa akiwa amelala juu ya theluji, hai kwa tabu, na tunaelewa kwamba M'Baku amekuwa akimtunza muda wote huo kulipa deni la uhai wake. Aliyetania ndiye aliyekuwa ameubeba mwili. Hapa Coogler amefanya jambo la ustadi mkubwa, kwa sababu ametuchekesha kwanza kwa kinywa cha mpinzani ili tumpende, halafu akatufunulia kwamba upendo wetu haukukosea njia. Kile kicheko kisingekuwepo, M'Baku angebaki kuwa mlima mwingine tu katika milima ile.

Nafsi yangu inasita kidogo kuyasema haya yanayofuata, kwa maana Thor: Ragnarok ya Taika Waititi imenifurahisha mara nyingi. Hata hivyo mwisho wake unanikera kila ninapoutazama. Asgard, nyumba ya watu wale tangu enzi, inateketea mbele ya macho yao huku wakiitazama kutoka kwenye chombo kilichowabeba kama wakimbizi. Korg, yule kiumbe wa mawe, anasema kwa upole kwamba misingi bado imara na mahali pale panaweza kujengwa upya. Papo hapo mji unalipuka, naye anasema misingi nayo imekwenda, samahani. Korg si mtu wa Asgard. Hakuzaliwa pale, hakuzika mtu pale, wala hapotezi kitu kwa mlipuko ule. Anazungumza kama mpita njia anayechungulia juu ya ua wa wafiwa. Katika nchi iliyowapokea watu zaidi ya milioni moja waliokimbia makwao, wakiwemo majirani walioiacha Sudan Kusini na Kongo nyuma yao, nashindwa kuiona sura ya mtu anayetazama kwao kukiungua na kusahau kwamba ni sura ya mtu kweli.

Katika Thor: Love and Thunder ya 2022 mkurugenzi yule yule alikwenda mbali zaidi, na kinachosikitisha ni kwamba filamu ile inaanza kwa kulielewa jambo hili kikamilifu. Gorr anampoteza binti yake jangwani kwa njaa na kiu, anamfikia mungu aliyemwabudu maisha yake yote, na mungu huyo anamcheka. Kicheko hicho ndicho kinachomgeuza Gorr kuwa muuaji wa miungu. Baada ya ufunguzi wa namna hiyo, nilitegemea filamu yenyewe ijihadhari isimcheke anayeumia, lakini Jane Foster, mpenzi wa zamani wa Thor anayekufa kwa saratani, analazimika kugombea nafasi na mbuzi wawili wanaopiga mayowe kila wanapotokea. Jane anapoutania ugonjwa wake mwenyewe, namwelewa na namheshimu, maana mgonjwa ana haki hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mayowe ya mbuzi si yake.

Kwa wanaodhani dawa ni kufuta kicheko chote, sitawapinga kwa maneno mengi. Batman v Superman ya 2016 ilijaribu kuwa na uso uliokunjwa tangu mwanzo hadi mwisho, na matokeo yake ni kwamba huzuni yake haina mahali pa kuegemea, kwa kuwa hatukuwahi kuwaona watu hawa wakifurahia kile wanachokipoteza. Walioimiliki nao waliogopa. Mwaka 2017, mkurugenzi wake Zack Snyder alipojiondoa katika Justice League, filamu iliyoifuata hadithi hiyo, kutokana na kifo cha binti yake, mkurugenzi mwingine, Joss Whedon, aliletwa kuikamilisha, akapiga upya sehemu nyingi na kuongeza mizaha mingi. Mizaha hiyo inaonekana kama kiraka cha kitenge kwenye kanzu. Snyder aliporudi na toleo lake la saa nne mwaka 2021, akalitoa kwa kumbukumbu ya binti huyo, watu wale wale walikuwa na uzito na hata ucheshi wao ulikuwa wa kwao, ingawa nakiri kwamba saa nne ni nyingi.

Ucheshi unaotoka ndani ya jeraha ndio ninaoutafuta. Katika Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya mwaka 2004, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe, anaishiwa na nguvu zake juu ya jengo refu, hawezi tena kuruka, na analazimika kushuka kwa lifti akiwa ndani ya vazi lake. Humo anaungana na mtu wa kawaida anayelisifia vazi, naye Peter anakiri kwamba linamwasha kidogo. Kinachotuchekesha ndani ya lifti ile ndicho hicho hicho kinachomuumiza: kijana aliyechoka kubeba mji mzima peke yake, mwili wake umekataa, na hana hata mtu mmoja wa kumweleza. Mtunzi hakuhitaji kuiweka kando tanzia yake ili apate nafasi ya kutuchekesha.

Nimewahi pia kumwona mfasiri asiyelijua hili. Mwaka 2019, katika kibanda kingine, Tony Stark, yule Iron Man, alikuwa anakata roho katika Avengers: Endgame, mke wake akimwambia kwamba sasa anaweza kupumzika, na VJ akaendelea kumwaga maneno juu ya bei ya jeneza. Mama mmoja aliyekaa mbele na mtoto mapajani alimgeukia akasema, "Mwanangu, nyamaza kidogo, mtu anakufa." Hakuwa mtu wa kuchukia vichekesho, kwa sababu alikuwa amecheka kuliko sisi sote kwa saa mbili zilizotangulia.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43, na vibanda vyetu vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, hivyo hatukupata mahali pa kumlilia pamoja. Nafasi hiyo ilikuja na Black Panther: Wakanda Forever, Novemba 2022, Kampala, katika ukumbi uliojaa hadi viti vya mbele kabisa. Nembo ya kampuni ya Marvel ilipita ikiwa imejaa picha zake, bila muziki, na mikono ya watu ilitulia ndani ya mifuko ya bisi. Baadaye tulicheka, naye M'Baku alikuwa mmoja wa waliotuchekesha, kama inavyomstahili. Mwishoni Shuri, dada yake T'Challa, anakaa peke yake ufukweni Haiti na kulichoma vazi lake la msiba, jambo ambalo kila mtu mle ndani alilitambua, maana kwetu pia matanga huondolewa. Kisha analetewa mtoto wa kaka yake ambaye hakujua kwamba yupo, na mtoto anamtajia jina lake la Kiwakanda, ambalo ni la baba yake. Shuri anatabasamu, machozi yakimtoka. Nyuma yangu mtu alicheka kidogo, kicheko cha furaha, na nikasikia akipenga kamasi.