Kimpira Kile Kimoja Tu

Sili ya oili ya nyuma ya injini ya pikapu yangu, ile ya kuzuia oili isivuje, ni kimpira cha duara, unakificha kwenye kiganja na hakuna atakayejua umeshika kitu. Bei yake haimkoseshi mtu usingizi. Sasa uliza kinakaa wapi.

Kinakaa nyuma ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukikitaka, sharti kwanza uifungue propela, lile bomba la kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, uishushe giaboksi, utoe klachi yote, utoe na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, ndipo mtazamane. Aliyechora hii pikapu nina hakika hajawahi kulala kwenye uvungu wake huku oili ikimdondokea jichoni. Kwa hiyo kimpira nanunua kwa chenji, halafu namlipa fundi siku nzima ya kwenda kukitembelea.

Na fundi akishafika huko ndani, ananiita. Sauti yake inakuwa ya upole, kama daktari anayetaka mwenye mgonjwa akae kwanza. "Mzee, kwa kuwa tumeshafika huku..." Hapo nashika mfuko. Kwa kuwa tumeshafika huku, pleti ya klachi imebaki unyoya. Kwa kuwa tumeshafika huku, presha pleti nayo ina michirizi. Beringi ya klachi inalia, tuibadilishe kabisa. Kinachoniuma ni kwamba anasema kweli! Nikikataa, klachi itaisha baada ya muda mfupi, giaboksi ishushwe tena, na ufundi ule ule nilipe upya. Angekuwa ananidanganya ningegombana naye nikapumua. Sasa unagombana vipi na mtu mwenye haki?

Halafu kuna boliti. Gari likizeeka, kutu inakuwa gundi. Fundi anakaza mkono, boliti inalia kwaa, kichwa kinabaki kwenye spana na mwili unabaki kwenye chuma. Kuanzia hapo ni kuchimba kwa drili, taratibu, na saa zinahesabiwa kwangu. Naulizwa kwa nini bili imepanda, najibu: boliti.

Kuhusu moshi, siku hizi kila mpita njia ni profesa. "Moshi wa bluu huo, injini inakula oili." Ahsante, naujua, mimi ndiye ninayeinunua hiyo oili. Pikapu yangu haina ubaguzi wa rangi. Asubuhi ikiwaka inatoa bluu kidogo, maana oili imeteremka usiku kucha kupitia sili za valvu. Kwenye mlima inatoa mweusi: ni dizeli, na nozo za kunyunyiza mafuta zikichoka au chujio la hewa likiziba, mafuta hayaungui yote. Mweupe ndio ninaouogopa. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, halafu maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, hapo gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku, inaaga. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imepauka ina povu, usiwashe tena, tafuta pa kukaa.

Nayo ajali hiyo chanzo chake huwa kitu gani? Thamostati! Kidude cha kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, kinapaswa kufunguka joto likifika kama nyuzi 82 hadi 90 hivi. Kikigoma, injini inachemka, hedi inapinda, na ukarabati wake unakaribia bei ya gari lenyewe. Vidogo ndivyo vinavyonimaliza, vikubwa vina adabu.

Umeme siutaki hata kuutaja. Stata ilikuwa inatoa "tk" na kunyamaza. Nikaambiwa ni betri, nikanunua betri. Nikaambiwa ni alteneta. Ikafunguliwa, ikakutwa nzima, inachaji kama volti 14 bila shida. Mwisho ikaonekana ni waya wa athi, ule wa kutoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, umekaa na kutu. Ukasuguliwa na msasa, gari likawaka. Msasa!

Halafu wapo ndugu na jamaa. Mwenye gari dogo hualikwa sherehe, mwenye pikapu huitwa siku ya kuhama nyumba. "Kaka, vitu vyenyewe vichache." Ukifika kuna makabati, vitanda, tangi la maji, na shemeji juu yake ameshikilia kioo. Springi za nyuma zinalala hadi zinapindukia upande wa pili, bushi zinasagika, na yeye aliyekaa mbele ananiuliza, "Hivi huku chini kunagonga nini?" Unagonga wewe, ndugu yangu.

Mke wangu akasema niiuze. Nikakubali, akaja mnunuzi. Akaizunguka mara kadhaa bila kusema neno. Akalishika gurudumu la mbele akalitikisa, akasema boljointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, zimekwisha. Akainama akaona kutu ya chesisi, akaguna. Akapiga stata, ikaitika mara moja, hilo hakulisifia. Kisha akataja bei. Nikamwomba airudie, akairudia bila haya.

"Sawa," nikamwambia, "kwa pesa hiyo nakupa klachi. Ila kushusha giaboksi ni juu yako."