Kasi ya Kwenye Boksi

Hizi diski za SSD (za kuhifadhia data kwenye kompyuta) za bei nafuu zinanikera kweli. Kwenye boksi wameandika kasi kubwa kwa herufi nene. Unaanza kunakili folda ya video, mambo yanakwenda mbio, mara kasi inaporomoka hadi megabaiti 80 kwa sekunde na kuganda hapohapo. Wala diski haijaharibika! Kasi ile ni ya akiba ya muda tu, ambako kila seli, yaani kijumba kidogo cha kutunzia data, hubeba biti 1. Akiba ikijaa, data huandikwa kwenye seli za biti 4, nazo huandika polepole mno. Na kadiri diski inavyojaa, akiba yenyewe husinyaa. Basi kabla ya kukimbilia kufomati, punguza mafaili, hakikisha TRIM (amri inayoiambia diski data ipi imeshafutwa) imewashwa, kisha iache diski itulie. Lakini kasi ya baada ya akiba kujaa, mbona wanaificha? Waiandike hapohapo kwenye boksi!