Mkondo wa Ghuba ni mpaka zaidi kuliko ulivyo mto

Makala ninayoyatolea maoni hapa yameufananisha Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream), mkondo wa maji ya joto katika Bahari ya Atlantiki, na mto wa maji ya uvuguvugu unaokatiza bahari baridi, mfano ambao unavutia lakini unapotosha. Mkondo huo unapoiacha pwani ya Marekani karibu na Cape Hatteras huwa mpaka hasa: kulia kwake, ukitazama unakoelekea, yapo maji ya joto ya Bahari ya Sargasso, ambayo ni sehemu ya Atlantiki, na kushoto yapo maji baridi. Tabaka la maji lenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi, ambalo upande wa kushoto hukaribia uso wa bahari, huteremka kupita mita 500 upande wa kulia, na yote hayo hutokea ndani ya takriban kilomita 100 tu. Uso wa bahari nao huinuka takriban mita 1 upande huohuo wa joto. Miinamo hiyo, ikisawazishwa na athari ya mzunguko wa dunia, ndiyo inayoendana na mwendo wa kasi, ambao juu unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde na hupungua kadiri kina kinavyoongezeka.

Kuhusu hofu kwamba mkondo utasimama, naomba mhariri atofautishe mambo mawili: sehemu kubwa ya mkondo huu husukumwa na upepo, ilhali kinachohofiwa kudhoofika ni mzunguko wa maji yanayozama kaskazini mwa Atlantiki.