Maonyo ya maktaba za watu yanatuziba masikio

Nilikaa siku mbili nikitafuta kwa nini programu yetu ya C++ inaanguka ndani ya kitanzi cha mistari mitatu. Kilianza hivi: `for (size_t i = n - 1; i >= 0; --i)`. `size_t`, aina ya namba nzima, haijui namba hasi, kwa hiyo `i` ikishuka chini ya 0 inarukia namba kubwa kuliko zote, na sharti halikomi kuwa kweli. Kinachoniuma ni kwamba kompaila, yaani programu inayogeuza kodi kuwa programu ya kuendeshwa, ilishaniambia. Ukiwasha swichi ya maonyo ya ziada, `-Wextra`, kompaila ya GCC inatamka wazi kuwa ulinganisho huo ni kweli daima. Ila ilitamka katikati ya mamia ya mistari ya maonyo kutoka kwenye faili za heda (zile zinazoingizwa kwa `#include`) za maktaba tuliyochukua kwa watu, nami nilishazoea kuyapita bila kuyasoma. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, sawa, lakini mmoja wa vyura wale alikuwa anasema kuna mamba.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuizima `-Wconversion` (onyo la kugeuza aina ya data) au `-Wshadow` (onyo la jina linalofunika jingine) kwa mradi mzima. Siipendi hata kidogo: kosa ni la jirani, unajifunga mdomo wewe. Kuihariri heda yenyewe nako ni kazi bure, toleo jipya likija mabadiliko yako yamekwenda. Kuzungushia kila `#include` ile `#pragma GCC diagnostic push` na `pop`, yaani kuhifadhi mpangilio wa maonyo kisha kuurudisha, kunafanya kazi, mpaka siku mtu asahau `pop` na faili lote lililobaki linyamaze.

Mimi naitaja folda ya maktaba kwa `-isystem` badala ya `-I`, swichi ya kawaida ya kumwonyesha kompaila folda za heda. GCC na kompaila nyingine, Clang, huzihesabu heda zake kuwa za mfumo, na karibu maonyo yake yote hunyamaza huku ya kwako yakibaki, hata ukiwa na `-Werror`, inayogeuza maonyo kuwa makosa. Kwenye CMake, chombo cha kupanga ujenzi wa mradi, ni neno `SYSTEM` ndani ya `target_include_directories`, na tangu toleo la 3.25 hata `FetchContent_Declare`, amri ya kuvuta maktaba ya nje, inalikubali. Wa MSVC, kompaila ya Microsoft, wana `/external:I` pamoja na `/external:W0`. Usije tu ukaandika `-isystem /usr/include`: kuanzia GCC 6 inavuruga mpangilio wa kutafuta heda, na utaambiwa `stdlib.h` haipo huku unaiona.

Ukimya huo una gharama, na hapa ndipo sikubaliani na wanaoiona `-isystem` kama mwisho wa habari. Kama Makefile yako, faili la maagizo ya `make`, hutumia `-MMD` kuandika vitegemezi (heda ambazo kila faili inazihitaji), heda za mfumo hazimo kwenye orodha hiyo. Unasasisha maktaba, unaita make, haijengi chochote upya, na unabaki na faili za zamani zilizounganishwa na maktaba mpya. Tumia `-MD`, inayoziorodhesha pia heda za mfumo.

Gharama nyingine imejificha zaidi. Chukua vekta (orodha) ya `double`, namba za desimali, yenye 0.5 mbili, ijumlishe kwa `std::accumulate(v.begin(), v.end(), 0)`. Jibu ni 0. Ile 0 ya mwisho ni `int`, namba nzima, kwa hiyo kila hatua desimali inakatwa. `-Wconversion` ingelikamata hilo, lakini ukataji unafanyika ndani ya `<numeric>`, yaani heda ya mfumo, basi kimya. Kosa ni langu, limetendeka nyumbani kwa mwingine. Templeti yoyote, yaani kodi ya jumla inayojazwa aina za data unazoipa, ya maktaba uliyoiweka chini ya `-isystem` inaweza kukuficha hivyo hivyo.

Kwa hiyo kila ninapopandisha toleo la maktaba najenga mara moja kwa `-Wsystem-headers`, inayorudisha maonyo ya heda za mfumo, naelekeza maonyo kwenye faili, kisha natafuta humo mistari inayotaja majina ya faili zetu. Ni uchafu mwingi, sikatai. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliikuta 0 ya namna hiyo kwenye hesabu ya wastani, nikaigeuza 0.0, na majaribio mawili tuliyokuwa tumeyapa uvumilivu (tofauti ya jibu inayokubaliwa) wa ajabu yakapita bila uvumilivu wowote.